Mwanajiolojia na Lugha ya Msafara: Suala la Usemi katika Tamthilia ya Kihistoria ya Televisheni

1. Utangulizi

Miongoni mwa wahusika wanaopendwa na watunzi wa tamthilia za kihistoria za televisheni zihusuzo Afrika ya zamani za wakoloni ni mgeni msomi: daktari, mmisionari, mpelelezi wa mito, au mwanajiolojia, yaani mtaalamu wa miamba na madini. Mwanajiolojia ana sifa moja inayomtenga na wenzake. Kazi yake haiendi bila ya kuuliza. Mlima anaweza kuuona kwa macho yake mwenyewe, lakini mahali palipo na chumvi, chuma, magadi au jiwe lishikalo moto huonyeshwa na mtu aliyezaliwa hapo. Kabla hajalipiga jiwe kwa nyundo hana budi kusema na watu, na kusema na watu ni suala la lugha.

Makala haya yanakusudia kueleza namna suala hilo linavyotatuliwa, na namna lifaavyo kutatuliwa, katika tamthilia ya televisheni. Mfano utakaotumiwa ni wa Joseph Thomson, mwanajiolojia Mskoti aliyesafiri Afrika ya Mashariki mara tatu kati ya 1879 na 1884. Safari hizo zilifanyika katika mkesha wa ukoloni, kabla ya Uingereza na Ujerumani kugawana nchi hizi kwa mapatano ya 1886. Hata hivyo ramani na maandishi ya Thomson yalikuwa sehemu ya matayarisho ya ukoloni huo, na yeye mwenyewe baadaye alizitumikia kampuni za kikoloni. Maisha yake yanafaa sana kuigizwa: kijana wa miaka 21 anaachiwa msafara mzima baada ya mkubwa wake kufa, anapita nchi ya Wamaasai, anarudi kwao kwa sifa, na anafariki 1895 akiwa na umri wa miaka 37.

Hoja ya makala ni kwamba usemi katika tamthilia ya namna hii hauwezi kuhesabiwa kuwa pambo la kuleta ladha ya mahali. Usemi ndio unaoamua nani aonekane mwenye elimu, nani mwenye nchi, na nani mnyang'anyi. Mtunzi anayeupuuza huweza kuwa mkweli katika mavazi, tarehe na mandhari, na bado akaipotosha historia katika kila tendo la mchezo wake.

2. Kaida tatu za usemi

Watunzi wa tamthilia za televisheni zenye watu wa lugha mbalimbali hufuata aghalabu mojawapo ya kaida tatu.

Kaida ya kwanza ni ya lugha ya mtazamaji. Wahusika wote husema lugha moja, ile anayoijua mtazamaji aliyekusudiwa. Mfano mashuhuri ni Shaka Zulu, tamthilia ya mfululizo iliyotolewa na Shirika la Utangazaji la Afrika ya Kusini 1986, ambamo baraza la mfalme wa Wazulu linasema Kiingereza. Kaida hii ina faida yake. Mfalme hupewa usemi kamili: anaweza kutania, kufumba, kutisha na kubembeleza. Hasara yake ni kwamba mipaka ya lugha hufutika. Mgeni aingiapo katika boma la mfalme huelewa kila kitu papo hapo, na mkalimani, ambaye katika historia alishika ufunguo wa mambo yote, hubaki bila kazi.

Kaida ya pili ni ya mgawanyo. Wahusika wakuu husema lugha ya mtazamaji kwa ukamilifu, na wenyeji hupewa vipande vya lugha yao: amri, salamu, wimbo wa kazi, kelele za mbali. Tamthilia nyingi za Kiingereza zinazohusu Afrika ya Mashariki zimeelemea upande huu. The Search for the Nile, iliyotolewa na BBC 1971 katika sehemu sita, na The Flame Trees of Thika ya 1981, iliyotungwa kutokana na kitabu cha Elspeth Huxley cha 1959 na kuonyeshwa katika sehemu saba, zote mbili zimebebwa na Kiingereza. Hakuna wa kumlaumu mtangazaji wa London kwa kuwatumikia watazamaji wake. Lakini athari ya kaida hii yafaa ielezwe waziwazi. Lugha isiyofasiriwa huingia katika sikio la mtazamaji kama sauti tu, sawa na sauti ya mvua au ya ndege. Mwenye lugha hiyo naye huwa sehemu ya mandhari.

Kaida ya tatu ni ya lugha halisi. Kila mhusika husema lugha ambayo angeisema katika wakati na mahali pake, na mtazamaji husaidiwa kwa maandishi chini ya picha au kwa mkalimani aliyemo ndani ya mchezo. Kaida hii ni ghali. Inataka waigizaji wajuao lugha zaidi ya moja, na inataka utafiti wa lugha za wakati ule. Pamoja na hayo, katika kisa cha mwanajiolojia, hii ndiyo kaida pekee inayoweza kuonyesha kazi yenyewe ilivyofanyika.

Huenda ikadaiwa kwamba msanii ana uhuru wake. Ebrahim Hussein, katika utangulizi wa Kinjeketile (1969), alimtenga Kinjeketile wa tamthilia na Kinjeketile wa historia, na hapana mhakiki wa maana aliyemlaumu kwa hilo. Uhuru huo haukataliwi hapa. Mtunzi anaweza kuunganisha safari mbili kuwa moja, kumbuni mpagazi asiyetajwa na kitabu chochote, au kumpa Thomson mawazo ambayo hakuyaandika. Lakini nani alimtegemea nani ili aelewe na aeleweke ndilo umbo la kisa chenyewe. Likigeuzwa hilo, kisa ni kingine.

3. Thomson na msafara wake

Thomson alizaliwa 1858 Penpont, kusini mwa Uskoti, akasoma katika Chuo Kikuu cha Edinburgh. Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London kilimchagua kuwa mwanajiolojia wa msafara ulioongozwa na Alexander Keith Johnston. Walifika Unguja Januari 1879, na miezi ya matayarisho iliwapa nafasi ya kujifunza Kiswahili. Wakati huo Kiswahili cha Unguja kilikuwa tayari na kitabu cha sarufi cha Edward Steere, kilichotolewa 1870. Mwezi Juni 1879 Johnston alifariki Behobeho, na kijana wa Edinburgh akabaki na msafara wa watu wapatao 150.

Watunzi wengi wangeona kwamba hapo ndipo shujaa anapozaliwa. Lakini lazima iulizwe ni nani aliyeushika msafara huo usivunjike. Mkuu wa wapagazi alikuwa Chuma, Myao aliyeokolewa utumwani 1861 akiwa mtoto, akasomeshwa katika Bara Hindi, akamtumikia Livingstone, na pamoja na Susi akawaongoza watu walioichukua maiti ya bwana huyo mpaka pwani. Chuma alikwisha kuona Bombay na Uingereza kabla Thomson hajaiona Afrika. Alijua Kiyao, Kiswahili na Kiingereza. Msafara ulisemeshwa kwa kinywa chake.

Lugha ya msafara ilikuwa Kiswahili, lakini yafaa isidhaniwe kwamba kilikuwa Kiswahili cha namna moja. Wapagazi wengi walioandikwa Unguja walikuwa watu wa bara: Wanyamwezi, Wayao, na wengine waliotoka utumwani. Kwao Kiswahili kilikuwa lugha ya pili, lugha ya kazi na ya kambi. Katika safari ya 1883 hadi 1884 kupitia nchi ya Wamaasai, Thomson aliandamana na msafara wa Jumbe Kimameta, mfanyabiashara wa Pangani aliyezijua njia za Umaasai kuliko Mzungu yeyote, na usemi wake ulikuwa wa Mrima. Mzungu wa pili katika safari hiyo alikuwa James Martin, baharia wa Malta ambaye jina lake la kuzaliwa lilikuwa Antonio Martini. Hakujua kusoma wala kuandika, lakini alikuwa hodari wa kushika lugha, na baadaye akawa mtumishi wa serikali ya kikoloni. Basi hata upande wa wageni palikuwa na Mskoti na Mmalta, na haikupasa wote wawili wasikike kama watangazaji wa BBC.

Mtunzi anayetaka kuusikia usemi wa njiani wa zama hizo hana haja ya kuubuni wote. Tawasifu ya Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip, imo mikononi mwa wasomi. Mkusanyo wa Carl Velten uitwao Safari za Wasuaheli, uliotolewa 1901, una masimulizi ya Waswahili wenyewe kuhusu safari zao. Humo msomaji atakutana na sentensi fupi, zinazofuatana hatua kwa hatua kama miguu ya wasafiri: tulilala mahali fulani, tukatoa kitu fulani, tukapewa njia. Huo ndio mwendo wa lugha ya msafara, na unaafiki televisheni kuliko hotuba ndefu.

4. Neno «hongo»

Umuhimu wa usemi unaonekana vizuri zaidi katika neno moja. Kila msafara uliopita bara ulitoa hongo. Katika matumizi ya wakati huo, hongo ilikuwa malipo ya kupita: vitambaa vya merikani na kaniki, shanga na masango, vilivyotolewa kwa mwenye nchi ili mgeni apate njia, maji na amani. Kiasi chake kilijadiliwa hadharani, mara nyingi kwa siku kadhaa, na kikiisha kukubaliwa mgeni alikuwa chini ya himaya ya mwenye nchi.

Katika Kiswahili cha leo hongo ni rushwa. Maana imehama kutoka uwanjani mpaka chini ya meza. Sasa na ifikiriwe tamthilia ambamo wazee wa Kimaasai wanaushika msafara wa Thomson na mpagazi anamwambia bwana wake, «Wanataka hongo.» Mtazamaji wa Nairobi au wa Dar es Salaam atawaona wazee wale kuwa wala rushwa. Iwapo maandishi ya Kiingereza chini ya picha yataandika neno lenye maana ya unyang'anyi, kama walivyofanya baadhi ya wasafiri katika vitabu vyao, mtazamaji wa London naye atawaona kuwa majambazi wa njiani. Katika hali zote mbili mwenye nchi amekwisha kuhukumiwa kabla hajafungua kinywa, na mgeni aliyeingia nchini bila ya kuitwa ndiye anayeonekana kuonewa.

Njia ya kuliepuka kosa hili ipo. Neno lenyewe lisiondolewe, maana ni la wakati wake. Liwekwe mahali ambapo maana yake ya kale itajieleza. Mathalani, kabla ya kufika Umaasai, Kimameta aonyeshwe akitenga mizigo na kusema:

«Hii posho ya watu. Hii hongo. Nyumba ya mtu huingii bila ya kubisha hodi, na hodi ya nchi ni hii.»

Kwa maneno hayo machache mtazamaji hupewa sheria ya njia, na anapowaona wazee wakidai haki yao atajua kwamba ni haki. Maneno mengine ya msafara yanataka uangalifu kama huo. Mnyapara wa 1883 alikuwa mkuu wa kundi la wapagazi, mtu wa heshima aliyechaguliwa kwa uzoefu wake. Mnyapara wa shamba la mkonge au wa gereza alikuja baadaye, na jina lake lina harufu ya kiboko.

5. Makaa ya Sultani

Kisa kinachofaa kuwa kiini cha tamthilia juu ya Thomson hakimo katika safari zake mbili mashuhuri. Kimo katika safari fupi ya 1881. Tangu siku za Livingstone kulikuwa na habari kwamba bonde la mto Ruvuma lina makaa ya mawe. Sultani Barghash bin Said, aliyetawala Unguja toka 1870 hadi 1888, alikuwa na meli za moshi, na meli za moshi hula makaa. Alimwajiri Thomson aende kuyachunguza. Thomson alikwenda, akayaona mawe hayo, na akarudi na jibu chungu: hayakuwa makaa ya mawe. Yalikuwa mawe ya tope lililogandamana, yenye mafuta kidogo ndani yake, yasiyofaa kuendeshea meli. Sultani hakupendezwa, na ajira ya Thomson haikuendelea.

Kwa mtaalamu wa lugha kisa hiki kina mafunzo mawili. La kwanza ni la maana ya maneno. Kiswahili huliita jiwe hilo kwa kazi yake: makaa ni kitu kiwakacho, na makaa ya mawe ni makaa yaliyo jiwe. Jiolojia hulitambua kwa asili yake: ni mimea ya kale iliyofukiwa na kugandamizwa chini ya uzito wa ardhi kwa muda wa mamilioni ya miaka. Jiwe la Ruvuma lilishika moto, lakini halikuwa na asili hiyo. Mtu aliyeliita makaa kwa sababu liliwaka hakusema uongo, na mtaalamu aliyekataa kuliita hivyo hakusema uongo pia. Wamekutana katika neno moja lenye maana mbili. Tamthilia inayowaonyesha wenyeji kuwa wajinga au wadanganyifu imekosa kuona mgongano wenyewe, na mgongano wa maana mbili zenye haki ni mali kubwa kwa mtunzi.

Funzo la pili ni la mamlaka. Hapa Mzungu ameajiriwa. Mtawala ni Sultani, na kasri lake ni la Kiarabu na Kiswahili. Mwanajiolojia amesimama mbele ya bwana wake na habari asiyoitaka, na heshima yote ya taaluma yake imo katika kuisema. Ni nadra kuona katika televisheni mandhari ya namna hii, ambamo Mzungu wa karne ya 19 analazimika kuchagua maneno kwa hadhari. Ikiwa Barghash atapewa Kiingereza kibovu, mizani ya tendo hilo itavunjika. Akipewa Kiswahili au Kiarabu chenye uzito wa kifalme, na Thomson akaachwa atafute maneno, kila mtazamaji atajua nani yuko kwake.

Tendo hilo pia hutayarisha lile la mwisho. Mwaka 1885 Thomson alikwenda Sokoto kutafuta mikataba kwa ajili ya kampuni iliyokuja kuitwa Royal Niger Company. Mwaka 1890 alitumwa na kampuni ya Cecil Rhodes kwenda Katanga, nchi ya Msiri, ambayo sifa za shaba yake zilikwisha kuenea. Ndui ilimziba njia na hakufika. Mtu aliyemwambia Sultani kweli juu ya jiwe alikuwa sasa amebeba karatasi za kuwatia saini wafalme. Safari kutoka kwenye nyundo hadi kwenye mkataba ndiyo maafa ya maisha yake, na inaweza kuonyeshwa kwa lugha peke yake: katika tendo la mwanzo Thomson anauliza majina ya vitu kwa Kiswahili, katika tendo la mwisho anasoma ibara za Kiingereza na kumsubiri mkalimani azifasiri.

6. Mapango na majina

Katika safari ya tatu Thomson aliyaona mapango ya mlima Elgon, ambamo watu waliishi pamoja na mifugo yao. Alipouliza ni nani aliyeyachimba, aliambiwa kwamba ni kazi ya Mungu, kwa kuwa vishoka vyao vidogo visingeweza kazi kubwa kama ile. Swali na jibu vilipita katika zaidi ya lugha moja. Thomson hakuridhika. Alishikilia kwamba mapango yamechimbwa kwa mikono ya watu, na kwa kuwa hakuwaona wenyeji kuwa wanaweza, akadhani ni kazi ya taifa jingine la kale lenye nguvu. Uchunguzi wa baadaye umeonyesha kwamba katika baadhi ya mapango hayo, mathalani pango la Kitum, tembo huingia usiku na kuupasua mwamba kwa pembe zao ili wapate chumvi iliyomo. Jibu la wenyeji, kwamba halikuwa tendo la mwanadamu, lilikuwa karibu zaidi na ukweli kuliko dhana ya mtaalamu.

Kisa hicho kina uhusiano na fasihi. Dhana ya taifa la kale lililoacha machimbo Afrika ndiyo iliyojenga King Solomon's Mines ya Rider Haggard, iliyotolewa 1885, mwaka uleule kilipotoka kitabu cha Thomson juu ya nchi ya Wamaasai. Riwaya hiyo ilifasiriwa na Frederick Johnson na kutolewa 1929 kwa jina la Mashimo ya Mfalme Sulemani, na vizazi vya wanafunzi wa Afrika ya Mashariki vilikutana kwanza na mtafuta madini wa Kizungu katika Kiswahili cha kitabu hicho. Tamthilia mpya inayorudia dhana hiyo bila ya kuihoji itakuwa imekopa kwa Haggard na kujidai imechota katika historia.

Suala la majina ni la namna hiyohiyo. Thomson aliyapa maporomoko ya Nyahururu jina la Thomson's Falls, na safu ya Nyandarua akaiita Aberdare kwa heshima ya rais wa chama kilichomtuma. Majina ya zamani yamerudi katika matumizi, ijapokuwa lile la Aberdare lingali linasikika. Kwa upande mwingine Kiswahili kilimchukua Thomson kikamfanya chake: paa mdogo aitwaye kwa jina lake katika sayansi huitwa swala tomi.

Mfano wa kufurahisha zaidi ni wa mwanajiolojia aliyemfuata. John Walter Gregory alitoka Mombasa 1893 na wapagazi wapatao 40, akapita Naivasha na Baringo, akapanda Mlima Kenya hadi kwenye barafu, na 1896 akatoa kitabu kilicholieneza jina la Rift Valley ulimwenguni. Alieleza kwamba bonde hilo halikuchimbwa na mto. Ardhi ilipasuka katika nyufa mbili zinazokwenda sambamba, na sehemu iliyo kati yake ikadidimia. Kiswahili kimelieleza jambo hilo kwa maneno mawili ya nyumbani: Bonde la Ufa. Neno ufa ni lile la ukuta, na la methali isemayo kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Aidha, kabla Gregory hajazaliwa, magadi yalikuwa yakijulikana na kutumika, na ziwa linaitwa kwa jina la kitu kilichomo. Lugha yenye jabali, mwamba, tumbawe, changarawe, kokoto, ulanga, chokaa na magadi haiwezi kuambiwa kwamba haifai kinywani mwa mwanajiolojia. Mtunzi wa televisheni anayedhani kwamba sayansi lazima isemwe kwa Kiingereza hajawasikiliza watu wanaouchimba udongo.

7. Usemi wa mwanafunzi wa lugha

Ikiwa tamthilia itatungwa kwa Kiswahili kwa ajili ya televisheni ya Kenya au ya Tanzania, tatizo hugeuka upande wa pili: Thomson aseme Kiswahili gani? Kuna hatari mbili.

Hatari ya kwanza ni Kisetla. Watunzi wengi wamezoea kumpa Mzungu wa kikoloni usemi wa amri usio na viambishi, na watazamaji wameuzoea. Usemi huo ni wa mashamba ya walowezi, nao ulistawi katika karne ya 20, wakati Mzungu alipokuwa na nguvu ya kutosha asihitaji kujifunza zaidi. Thomson wa 1879 hakuwa na nguvu hiyo. Alikuwa mwanafunzi aliyelazimika kuelewa jibu alilopewa. Makosa yake yawe makosa ya mwanafunzi: ngeli zinazomchanganya, «jiwe hii» na «mawe hizi», neno analolitafuta na kulikosa, swali analolirudia. Tena makosa hayo yapungue kadiri safari inavyoendelea, ili mtazamaji aione elimu ikiingia. Mtu anayesema «jiwe hii» katika sehemu ya kwanza na «jiwe hili» katika sehemu ya tatu amesimuliwa maendeleo yake bila ya msimulizi.

Hatari ya pili ni kichekesho. Michezo kama Vioja Mahakamani, iliyoanza kuonyeshwa na Sauti ya Kenya, ambayo tangu 1989 huitwa Shirika la Utangazaji la Kenya, imewafundisha watazamaji kucheka lafudhi. Hilo ni jambo jema mahali pake. Lakini katika tamthilia ya kihistoria kicheko huweza kumwokoa mkosaji, kwa sababu mtu anayechekwa haogopwi. Thomson akichekesha kila afunguapo kinywa, mtazamaji hatamchukulia kwa uzito atakapotoa mkataba mfukoni.

Wapagazi nao wasipewe wote Kiswahili sanifu cha kitabuni, ambacho kilisanifiwa katika miaka ya 1930. Chuma aseme kama Myao aliyekaa Bombay na Unguja, Kimameta kama mtu wa Pangani, na mpagazi wa Kinyamwezi kwa Kiswahili chake cha njiani. Wamaasai waseme Kimaasai, na mkalimani aonekane akifanya kazi yake, pamoja na mambo anayoyaongeza na yale anayoyapunguza. Katika vituo vya televisheni na katika idara za lugha za vyuo vikuu wako watu wanaoweza kuufanya uchunguzi huu. Kazi hiyo haina budi kuanza wakati wa kuandika mchezo. Mtaalamu wa lugha akiitwa siku ya kupiga picha ili asahihishe matamshi, huwa amechelewa.

8. Hitimisho

Imeelezwa katika makala haya kwamba mwanajiolojia wa zama za ukoloni alikuwa kwanza muulizaji, na kwamba Kiswahili ndicho kilichokuwa chombo cha maswali yake katika sehemu hii ya Afrika. Imeonyeshwa kwamba neno moja, hongo, laweza kumgeuza mwenye nchi kuwa mnyang'anyi; kwamba jingine, makaa, laweza kuwa kiini cha mchezo mzima; na kwamba namna mgeni anavyosema lugha ya wenyeji hupima uwezo wake juu yao mwaka kwa mwaka.

Chuma alifariki Unguja 1882, hata miaka minne haijatimia tangu Behobeho, na jina lake halikuwekwa juu ya mlima wala maporomoko. Alichokiacha ni kazi ya ulimi wake, iliyomo ndani ya kila ukurasa wa vitabu vya mabwana zake bila ya kutajwa inavyostahili. Tamthilia ya televisheni ina uwezo ambao kitabu hakina, wa kuusikilizisha ulimi huo. Ikiwa itatungwa kwa uangalifu, mtazamaji ataona nyundo mkononi mwa Thomson, na atasikia pia ni nani aliyemwambia mahali pa kupiga.